Koikai kagawa dawa

Hope, shemeji yako Koikai kanimaliza leo.

Si alikutwa na homa ya ini aina ya C, akapewa vidonge vya miezi mitatu? Asubuhi karudi kliniki, wiki ya pili tu, chupa tupu. Kawagawia wenzake wa rika, wale ambao tangu umorani hali kitu bila wao.

Nesi Hedwiga haamini. "Baba, umegawa dawa?"

Koikai naye kamshangaa. "Kwani nile peke yangu, wenzangu wananitazama?"

Dawa, Hope. Kagawa kama nyama.

Hedwiga akamwagiza awalete wote wapimwe. Walewale ambao matangazo ya kupima hayajawahi kuwatoa kijijini Oldonyo Sambu, mchana wamejaa kliniki. Watatu wamekutwa na ugonjwa huohuo, hata hawakujua.

Sasa kila mgonjwa ana chupa yake. Ila jioni watameza pamoja, maana Koikai kasema peke yake bado hawezi.