Duka la Baba na Maneno Mawili ya Kiingereza

Jumatano, baada ya magharibi.

Kakangu Swaleh amenichosha. Leo kaja tena dukani, kaegemea kaunta: nifunge duka la baba hapa Mji wa Kale, niuze madaftari na kalamu kwa simu, bodaboda ziwapelekee watu wa Kizingo majumbani. "Ulimwengu unatembea, dadangu, wewe umekaa tu."

Wateja wamepungua kweli, na woga ninao, sijidanganyi.

Alipoondoka, Mwalimu Zuhura, anayefundisha Kiingereza, akaacha kuchagua chaki, akacheka. Akaniambia "stationary" ni kitu kilichotulia pahali pamoja, na "stationery" ni hizi karatasi na kalamu zangu, na yote mawili yana asili moja ya Kilatini. Zamani huko Ulaya wauza vitabu wengi walikuwa wakitembeza bidhaa zao. Mwenye duka la kudumu ndiye aliyeitwa "stationer", yaani aliyetulia pahali pake, na bidhaa zake zikalirithi jina hilo.

Kumbe kukaa ndiyo kazi yenyewe!

Swaleh kapiga simu sasa hivi, ataka jibu. Nimemwambia azilete hizo bodaboda, zitembee.

"Na wewe?"

"Mimi utanikuta dukani."