Kengele ya Treni ya Tanga

Jumatatu, 14 Aprili
Treni imechelewa kufika hapa stesheni ya Same saa moja na nusu. Kama kawaida. Stesheni ya Makanya walipopiga simu nikagonga kengele, na Mzee Mrutu akazima injini ya basi analoendesha la Bombo, kule milimani. Ndivyo tulivyozoeana tangu basi la shirika lilipokufa kwa kukosa matairi. Kengele ikilia, treni imetoka Makanya, na Mrutu haondoki bila abiria wa reli. Hakuna aliyeyaandika makubaliano haya popote. Tajiri wake hataki. Anasema saa nane ni saa nane, biashara sasa ni huria. Mrutu humwitikia "ndiyo, bwana", kisha anasubiri.

Stesheni masta yuko likizo. Tiketi, simu, kengele, vyote mimi. Sukari hakuna, wiki ya pili. Nimekunywa chai chungu.

Jumatano, 16 Aprili
Mrutu kaniletea barua ya dada kutoka Bombo. Baba hali chakula tena. Anataka kumwona Eliamani. Dawa na mafuta ya taa nimepeleka mimi miaka yote hii, lakini anayetajwa ni kaka Eliamani, kifungua mimba, aliyegombana naye kwa ajili ya shamba akaenda kukata mkonge Tanga. Miaka minane. Nina wivu, na sioni haya kuuandika.

Hata hivyo nimempelekea telegramu. Mzee asiondoke na kinyongo.

Alhamisi, 17 Aprili
Amejibu. NAKUJA IJUMAA. Nitapanda naye basi moja. Tutaingia kwa baba pamoja, mimi ndiye niliyemleta. Mawingu upande wa kijiji cha Kisiwani, basi linakopita.

Ijumaa, 18 Aprili
Saa nane. Simu ya Makanya kimya. Mvua inajikusanya milimani. Mrutu amewasha injini. Ndani ya basi kuna mama wa Maore aliyempakata mtoto anayechemka homa, anampeleka hospitali ya Bombo kule juu. Nimemwona. Naandika ili kesho nisijidanganye kwamba sikumwona.

Nikatoka, nikagonga kengele. Makanya hawakuwa wamepiga.

Mrutu akazima injini. Saa tisa akaja dirishani, nikamwambia inakuja polepole. Saa kumi akaja tena. Akasema kwa upole, "Mwanangu, kweli imetoka Makanya?"

"Imetoka, mzee."

Yule mama alikuwa akinitazama.

Saa kumi na robo simu ikalia. Injini ya treni imeharibika Mkomazi, haijafika hata Makanya, labda kesho. Sikuwa na uso wa kutoka kuwaambia. Nilijipa kazi ya kupanga tiketi ambazo zilikuwa zimepangwa. Saa kumi na moja kasoro Mrutu akaondoka bila kuniaga. Ningeweza kurukia basi lile. Nimebaki kumsubiri kaka.

Jumamosi, 19 Aprili
Treni imefika saa nne asubuhi. Eliamani hamo. Nimepita mabehewa yote mara mbili. Mtu mmoja aliyekaa naye tangu Tanga anasema alichoka kungoja pale Mkomazi, akashuka, akadandia lori la mchele la Ndungu. Njia ya bondeni isiyopita hapa, hadi Maore, kisha kupanda mlima. Jana jioni atakuwa amefika kwa baba. Mimi nipo hapa na kengele yangu.

Baadaye, habari kutoka Kisiwani. Korongo la huko lilijaa maji jana saa kumi na moja na nusu. Basi limekwama ng'ambo hii, abiria wamelala humo humo. Lingetoka saa nane lingevuka pakavu. Nimeuliza habari za mtoto. Hakuna anayejua.

Sili.

Jumatatu, 21 Aprili. Bombo
Nimefika jana kwa lori la mbao. Nyumba imejaa watu, wanawake wanaimba tenzi. Baba alikufa Jumamosi jioni, Eliamani amemshika mkono. Walipatana. Nilimuuliza kaka mzee alisema nini.

"Aliuliza uko wapi. Nikamwambia uko stesheni, unanisubiri mimi."

Tumezika leo. Sikulia mbele ya watu.

Jumatano, 23 Aprili
Kabla ya kushuka kurudi stesheni nimepita hospitali. Mtoto yu hai, amekaa kitandani anakunywa uji. Mama yake ameitikia salamu yangu. Kisha akamgeukia mtoto wake, na sikustahili zaidi.

Kisha nimemwendea Mrutu, nikamweleza yote. Alinipa pole ya msiba kwanza, kama mtu mzima. Halafu akasema, "Miaka yote hii namdanganya tajiri wangu kwa ajili ya kengele yako." Akapanda kwenye usukani. Nilikaa kiti cha nyuma hadi Same.

Ijumaa, 25 Aprili
Makanya wamepiga simu saa nane kasoro dakika tano. Nimegonga kengele. Saa nane kamili basi limeondoka.

Treni imeingia saa tisa na dakika chache. Wameshuka watu kumi na mmoja wa mlimani. Bibi mmoja mwenye kikapu cha nazi ameniuliza kama siku hizi basi halisubiri. Nimemwamkia, nikamwambia halisubiri. Hakuniuliza kwa nini. Nimewafungulia chumba cha abiria, nikawaletea mtungi wa maji, nikarudi dirishani.