Ini la Yule Mdogo

Jumanne, mwezi wa sita. Baridi ya leo Sumbawanga si ya mchezo. Upepo umetikisa mabati ya mtaa wa Izia tangu asubuhi, na mimi niko intaneti kafe nimevaa makoti mawili, vidole havitaki kuandika.

Nina wivu.

Pacha wangu Kulwa ana mimba ya miezi sita, na ni ya mapacha. Mimi Doto, niliyetoka tumboni dakika chache nyuma yake, nimeolewa mwaka wa saba huu na sijawahi kushika mimba. Angebeba mmoja ningejikaza. Lakini wawili kwa mpigo! Jana muuza karanga sokoni aliniona tumbo limelala akanishangilia: "Hongera, umeshajifungua?" Alidhani mimi ni Kulwa. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Leo tumempeleka Kulwa kwenye kliniki ya binafsi iliyofunguliwa mjini juzijuzi. Zamani hapa palikuwa na hospitali ya serikali na ya misheni tu, basi. Siku hizi kila mwenye mtaji anafungua chake, na huyu ameleta mashine ya ultrasaundi inayoonyesha damu kwa rangi. Mama yetu naye alikuja.

Daktari alimpaka Kulwa jeli, akaangalia muda mrefu. Halafu akatueleza polepole. Watoto wanatumia kondo moja la nyuma, na wamegawana vibaya. Mmoja amenenepa, mwingine amedumaa. Damu inayotoka kwenye kondo, alisema, hufika kwenye ini la mtoto. Nyingi huingia humo, kidogo huchepuka moja kwa moja kwenda moyoni. Kwa yule mdogo mambo yamegeuka. Nyingi inachepuka ili moyo na ubongo vipate, na ini linashinda njaa, ndiyo maana tumbo lake jembamba vile. Anaweza kufia humo humo, na akifa, mwenzake naye yuko hatarini kwa sababu damu zao zimeungana. Kulwa inabidi aende hospitali kubwa Mbeya, akae huko mpaka ajifungue.

Sasa nakiri. Daktari alipotamka "anaweza kufa", kitu kifuani mwangu kilitulia. Niliwaza: atabaki na mmoja, kama watu wengine.

Nimeshaandika. Sifuti.

Kulwa akiwa anajifuta jeli, mama akasema, "Daktari, na huyu naye mpime."

Daktari akauliza nina tatizo gani.

"Hana tatizo, baba. Ni pacha. Hawa hafanyiwi mmoja akaachwa mwingine."

Kwetu ndivyo ilivyo tangu zamani. Kulwa akiugua malaria, na mimi namezeshwa klorokwini, tunashinda tunajikuna wawili. Akinyolewa, nanyolewa. Basi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na miwili, nikapanda kitandani. Daktari, kijana mwenye adabu zake, hakujua afanye nini, maana tumbo langu halikuwa na cha kuonyesha. Akasogeza kifaa chake mpaka chini ya mbavu, akawasha rangi, akasema ini langu linapata damu vizuri sana. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikaanza kucheka, kisha nikashindwa kunyanyuka, nikajifunika uso kwa kanga.

Tulipotoka nje Kulwa alinishika mkono.

"Doto, huyu mdogo ni wako. Nimekupa. Ndiyo maana nataka twende wote Mbeya."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Maisha yangu yote mimi ni wa pili. Hata mume wangu alianza kwa kumposa Kulwa, akakataliwa, ndipo akageuza shingo. Na sasa napewa mtoto ambaye daktari mwenyewe hana uhakika kama ataiona dunia. Yule mnene hata hakumtaja! Nikamwambia siwezi kusafiri, cherehani imejaa kazi za watu. Uongo mtupu. Nguo zote nilizimaliza Jumamosi.

Kisha nikaja hapa kafe, nikaanza kusoma habari za maini ya watoto ambao hawajazaliwa. Kiingereza chake kigumu, nimeomba kamusi. Nimeelewa kidogo tu: ini likikosa damu, mtoto hapati akiba mwilini, anazaliwa ngozi na mifupa. Nimeona picha moja ya mshipa wenye rangi nyekundu na bluu, nikaitazama sana. Nimegundua namchukia yule mkubwa, ambaye hana kosa isipokuwa kula. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema "mwanangu", na dada anayehudumia hapa akageuka kunitazama.

Basi la Mbeya atakalopanda Kulwa linaondoka kesho asubuhi. Nitapanda. Nitakaa ubavuni kwa Kulwa na kumwekea mto mgongoni kwenye makorongo yote mpaka Tunduma na kuendelea. Sijamwambia bado. Najua atanitania kwanza, ndipo alie.

Siendi kwa wema, shajara, usinisifie. Naenda kumlinda wangu.

Akifa, hilo sina shaka, atakuwa wangu. Wataniachia nimlilie nitakavyo. Lakini akitoka analia, akanyonya, akanenepa, akafanana na sisi, Kulwa atanipa kweli?