Kwa Kiilu, Kipa Aliyekwenda Kamati ya Mabati

Ni mwaka mzima sasa, Kiilu, tangu ulale bila kuamka, na mimi mkeo Kaluki sijalia hata tone moja. Nunguni yote inajua mimi ni mwanamke wa jiwe. Nililia tu kanisani. Na pale tunaposagia mahindi. Na siku ile kuku wako mwekundu alipopanda kitandani akalala upande wako. Na jana, kidogo.

Mwangangi mwanao anataka maneno haya yawe mafupi kama ya gazetini. Nimemwambia aliyekaa na wewe miaka yote hiyo ni mimi, kwa hivyo kalamu ninashika mimi. Niliacha shule darasa la nne, wewe la tano, na hilo darasa moja ulilijivunia mpaka siku ya mwisho.

Ulitoka Mutomo huko Kitui ukaja Sultan Hamud kubadilisha mataruma ya reli. Mwaka huo ulikuwa elfu moja mia tisa sitini na nne. Jioni Wahindi wa reli walicheza hoki, ule mpira wa magongo, kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya stesheni. Kipa wao akahamishwa Voi. Wewe ulikuwa umesimama kando unakula muwa. Mpira ukaja ukakugonga goti, na muwa hukuacha. Wakasema, "Huyu." Hivyo ndivyo ulivyopata kazi isiyo na mshahara, na hukuiacha tena.

Kulikuwa na injinia mmoja mzungu aliyekuambia kwamba kwao hoki inachezwa juu ya maji yaliyoganda. Ulifika nyumbani ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Kaluki, sisi maji tunayafuata na punda mpaka jua liwe kichwani, na wao wameyafanya uwanja!" Lakini kesho yake, ukinywa chai, uliniuliza kwa sauti ya chini, "Hao makipa wa huko, wakianguka, unafikiri wanaumia kiasi gani?"

Nyumbani pia ulikuwa kipa. Ulisimama mlangoni magoti yamekunjwa kidogo, na hakuna mtoto aliyetoka bila kunawa miguu. Kikombe kikianguka mezani ulikidaka kabla sijapiga kelele. Katika maisha yako yote hukufunga goli hata moja. Nikikucheka ulisema, "Kipa hafungi, mama Mwangangi. Kipa ananyima." Mwanamume mkarimu kuliko wote niliowaona, na kazi yake ilikuwa kunyima.

Wahindi walipoondoka, waliondoka na kinga za miguu za klabu. Wewe ulitaka kusimama golini na miguu mitupu kama korongo. Nikakusukia kinga za mkonge, vile tunavyosuka vyondo. Nilisokota kamba kwenye paja mpaka paja likawaka moto, nikajaza pamba ya godoro kuukuu ndani. Mkono wangu unajulikana, mimi nasuka mistari iliyolala. Dada yako Mutindi, boma la pili, anasuka vimiraba vya kukaa pembe, vidogo kama macho ya kunde. Kiondo kikipotea sokoni hatuulizani kina jina gani. Tunaangalia msuko tu, tunajua ni cha nani.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na nane na ile mechi ya Machakos. Mpira ulipanda juu ya gongo la mtu ukaingia jicho la kushoto, na jicho likaenda. Daktari akasema hili lililobaki likiguswa tena, utaongozwa na fimbo. Nilikuuliza kama inauma. Ukasema haiumi. Wewe hata jino lilipong'oka ulisema haiumi.

Mimi sikukuamini, kwa hivyo nikakupeleka kwa mama yangu. Watu wetu wanajua nthoni ni nini, ile haya ya mtu na wakwe zake. Mwanamume akimwona mama mkwe njiani anapita vichakani. Wewe siku hiyo ulisimama mbele yake, kichwa chini, kofia mkononi, ukasema, "Mama, golini sisimami tena." Mbele ya mama mkwe mtu haongopi. Mama yangu alikuitikia bila kukuangalia, na jambo likaisha.

Lakini mimi nakujua. Nilizichukua zile kinga nikazifumua mbele yako, kamba moja moja, na kwa mkonge ule ule nikasuka kiondo. Ulikaa ukitazama kama mtu anayenyolewa na mtu aliyekasirika. "Kaluki," ukasema, "sasa unanipeleka sokoni na maharagwe."

"Afadhali sokoni kuliko Machakos," nikakujibu.

Ukawa kocha wa wasichana wa sekondari hapo juu mlimani. Uliokota mawe ya uwanja ule mpaka mgongo ukapinda, na kila jioni ulifagia mdomo wa goli kwa ufagio wa matawi, kama unangoja wageni. Mechi ikiisha, uliwasindikiza wale wa kutwa mmoja mmoja, kila mmoja mpaka kwa mama yake, ndipo ukaja kwako. Chakula kilikuwa kimepoa. Wewe umechoka kutembea, mimi nimechoka kungoja.

Hivyo ndivyo nilivyochoka, Kiilu, na watu wanafikiri nimechoka kwa sababu ya uzee. Miaka kumi na sita nililichunga jicho lako kama mtu anayechunga njiti ya mwisho ya kiberiti. Kila ukirudi kutoka uwanjani nilikushika kidevu nikakugeuza kwenye mwanga, nikatafuta alama. Nilikuwa naangalia uso. Miguu sikuangalia.

Mwaka juzi akaja Wanjiro, binti wa Gachanja mwenye duka kule Malili. Mkono mwepesi, ulisema, hujawahi kuona kipa kama yeye. Halafu mpira ukampasua mdomo, na tangu siku hiyo akawa anafumba macho mtu akiinua gongo. Mashindano ya wilaya yalikuwa karibu. Ulikosa hamu ya kula.

"Mtu haachi kuogopa kwa kuambiwa asiogope," uliniambia. "Anataka kuona mwingine akipigwa na asianguke."

"Basi atafute mwingine," nikasema.

"Ndiyo, atafute mwingine," ukasema. Ulikubali haraka sana. Hapo ningepaswa kushtuka.

Jumamosi ile ukasema unaenda kanisani, kamati ya mabati. Ulirudi jua likishuka, unatembea kama mtu aliyebeba mlango mgongoni. Nikakushika kidevu. Uso ulikuwa mzima.

"Kamati ilikuwaje?"

"Ndefu."

"Na mabati?"

"Mabati… yako njiani."

Ulioga maji ya moto. Ulikula ukasifu chumvi, na mimi chumvi nilikuwa nimesahau kuweka. Ukalala. Asubuhi moyo ulikuwa umesimama. Daktari alisema ni moyo tu, ulianza kuchoka siku nyingi na wewe hukumwambia mtu. Bila shaka ulikuwa unauambia haiumi.

Jicho lako lilikuwa wazi kidogo, safi, halina hata mkwaruzo. Nililifunga mimi kwa kidole hiki. Nikasema, basi, Kiilu, hili tumelifikisha.

Ndipo nikachukua soksi nikuvike. Miguu yote miwili, kutoka goti mpaka kifundo, ngozi ilikuwa imechapwa vimiraba vya kukaa pembe. Pale mpira ulipogonga kwa nguvu, unaweza kuhesabu kamba. Mutindi alikuwa amesimama hapo na beseni. Nikamwangalia.

"Ni mkeka," akasema.

"Mutindi, sisi tunalala kitandani."

"Basi ni kitanda."

Nikakuvika soksi, nikazivuta juu kabisa, watu wasikusome. Sikumwambia mtu. Mama yangu alikuja mazishini akakulilia kama mkwe aliyetimiza neno lake, na mimi nikamwacha alie.

Mwezi ule ule wasichana wako walishinda wilaya. Wanasema Wanjiro alisimama macho wazi kama bundi. Walikuja wakaweka firimbi kaburini, na mimi nikarudi ndani nikagombana na kiti chako. Mwaka mzima nimegombana nacho. Siku nyingine nakuambia, uliweka jicho letu hatarini kwa mtoto wa mwenye duka. Siku nyingine nakuambia, ningekuwa mimi ndiye Wanjiro, ningetaka nani mwingine asimame pale? Halafu nachoka, nafunika sufuria, nalala. Kitu kimoja tu nilitaka: mtu aliye hai aniambie ukweli kwa mdomo wake, nipumzike.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Kaluki. Mwanao Mwangangi na mke wake na watoto wao, ambao sasa wanatoka mlangoni miguu michafu kwa sababu hakuna wa kuwazuia. Mama mkwe wako, ambaye haya hatasomewa. Wasichana wako wote wa magongo. Na dada yako Mutindi, aliyetaka tuandike "dada mwaminifu". Hatujakusahau, Kiilu. Kukusahau ni kazi, na sisi tumechoka, hatuiwezi.

Hilo neno mwaminifu nilikuwa nimeshaliandika. Kabla sijatia nukta nikamwuliza Mutindi mara ya mwisho, taratibu, Mwangangi akisikia, "Wifi, ndugu yako hukumsukia kitu?"

Mutindi akaweka mkono kifuani. "Wifi yangu, tangu macho yaanze kunisumbua, mkonge sijaushika. Mungu ananiona."

Alikuwa bado hajashusha mkono Wanjiro alipoingia uani akitoka mazoezini, kuja kutusalimu kwa ajili ya siku yako. Miguu yake ilikuwa imefungwa mkonge kutoka goti mpaka kifundo, vimiraba vya kukaa pembe, vimechakaa. Alitusalimu vizuri, mmoja mmoja, kama ulivyomfundisha. Halafu akainua mguu akauweka juu ya kigoda.

"Nyanya Mutindi, hii kamba imekatika tena, pale pale ulipomshonea kocha. Nikuachie, ama nirudi kesho?"

Mutindi akainuka, akaanza kufukuza kuku. Uani hakukuwa na kuku.