Jiwe la Mwalimu Perpetua

Kaka Thobias,

Shikamoo. Naanza na salamu hii kwa sababu Mama alitufundisha kwamba mdogo humwamkia mkubwa hata akiwa na hasira, nami nina hasira. Natumaini magoti ya Baba yamepata nafuu na kwamba hapo Usagara mvua haijaharibu mahindi. Huku India mimi ni mzima wa mwili. Msimamizi wangu ameusifu utafiti wangu wa maji ya ziwa mbele ya wanafunzi wote wa uzamili. Habari hiyo ningempa Mama kwanza. Sasa nakupa wewe, usiyeitaka.

Niingie kwenye jambo lenyewe. Siku ya mazishi yake nilisimama kwenye varanda ya maktaba, simu mkononi, nikakusikiliza ukisoma wasifu wa marehemu. Ulitaja kuzaliwa, ukataja ubatizo, ukataja ndoa. Nikasubiri kazi. Ukaruka moja kwa moja hadi ugonjwa. Nilidhani mtandao umekatika, kumbe aliyekata ni wewe. Maisha yake yote ya ubao na chaki uliyafukia kabla ya jeneza.

Wiki iliyopita ukanijulisha kwamba jiwe la kaburi litaandikwa "Mke mwema, Mama mpendwa", basi. Nilipouliza neno Mwalimu liko wapi, ukanijibu: "Wewe baki hukohuko na digrii zako. Hukuja hata kuweka udongo, leo unataka kunipangia jiwe?" Ni kweli sikuja. Kibali changu cha ukaazi kilikuwa hakijatoka. Ningeondoka nisingeruhusiwa kurudi, na ni yeye aliyeniapisha nimalize masomo haya. Hilo linaniuma kila siku, lakini hutalitumia kama kifutio.

Tuseme linalokuuma wewe. Mama alikurudisha darasa la nne. Nilikuwa mdogo, ila namkumbuka Mwalimu Mkuu alipofika nyumbani, enzi zile tukiishi Buzuruga, kumsihi: "Mwalimu, huyu si mwanao? Mpandishe tu, nani atajua?" Mama akaendelea kuchambua mchele. "Nikimpandisha wangu, nitamwambia nini mama yake Kulwa, ambaye naye nimemrudisha?" Kesho yake wenzako wakakuimbia njia nzima: "Mtoto wa Mwalimu kabaki kulinda madawati!" Ulilia, nikakuonea huruma. Lakini mwaka ule wote alikuamsha alfajiri akufundishe kugawanya kwa kokwa za ukwaju, na mtihani uliofuata ukawa wa kwanza. Hilo nalo uliliruka.

Unadai alikuwa mwalimu wa watu, si wetu. Muulize Baba, ambaye hakuwahi kumwita jina jingine. "Mwalimu, mboga haina chumvi." "Kailete, mwanafunzi wangu," Mama angejibu, na Baba angeinuka kweli kuifuata, akicheka. Huyo mke mwema unayetaka kumchonga peke yake, mumewe hamjui.

Jana nilimpigia fundi wa mawe wa Mirongo, nikiwa nimejiandaa kubishana. Nilipomtaja Mama na shule yake, akanikatiza: "Yule aliyetuagiza betri zilizokufa, tukatwanga unga wake mweusi na majani ya viazi tupake ubao?" Nikasema ndiye. "Dada, kaka yako hakuniambia ni yeye. Mimi pia alinirudisha darasa la nne. Nilimchukia mwaka mzima. Sasa bila mwaka ule, leo ningechonga herufi gani?"

Asubuhi hii amenitumia picha. Neno MWALIMU limekwisha kuchongwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, na chini yake ameacha patupu. Anasubiri maneno yako. Andika upendavyo, Kaka. Mke, mama, hata jina lako ukitaka. Ila kila utakapokwenda kupalilia kaburini, utaanza kusoma juu.

Msalimie wifi yangu, mkeo, ambaye najua alikusihi usome kazi za Mama siku ile ukakataa. Bibi mzaa Mama mwambie nimepokea baraka zake. Na Baba, tafadhali, umshike mkono umpeleke Mirongo kabla jiwe halijasafirishwa. Msomee, macho yake hayaoni vizuri. Lisome wewe, kwa sauti.

Mdogo wako, aliyefundishwa na mama yuleyule,
Edina