Siku Kijivu Aliposhindwa Kuzaa

Kijiji cha Ujamaa, Mpui,
S.L.P. 41,
Sumbawanga.
21 Novemba, 1976.

Mwanangu mpendwa Dominiko,

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi mitatu. Barua zako mbili zilifika, ya kwanza mwezi wa Agosti na ya pili mwezi wa Oktoba, kwa hiyo usiwalaumu watu wa Posta. Kosa ni langu, nami nitalieleza mahali pake, kwa kuwa nataka uijue habari yote kwa mpangilio wake.

Kwanza, hujambo? Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimepona? Nasikia Musoma kuna mbu wengi. Tafadhali usilale bila chandarua. Sisi huku tunaendelea. Mama yako hajambo, isipokuwa goti lake la kushoto. Mkeo Atusaye hajambo, na mimba yake imeingia mwezi wa nane. Mvua za kwanza zimenyesha, na mahindi ya shamba la kijiji yamekwisha kupandwa.

Unamkumbuka Kijivu, yule sungura jike ambaye shemeji yako Ambwene alimpa dada yake siku alipoondoka kwao Tukuyu. Nilikataza mnyama huyo asipewe jina na asilale jikoni. Amri zote mbili hazikufuatwa. Tangu ulipokwenda kazini, mkeo huzungumza naye Kinyakyusa, lugha ambayo hapa hana mtu mwingine wa kuizungumza naye. Nilimsikia mara nyingi, wala sikufikiri maana yake.

Mwezi uliopita niliona inafaa Kijivu azae. Shule ya msingi inafuga sungura kwa mradi wa kujitegemea, na dume wao ni mweupe, mkubwa, aliyeletwa kutoka shamba la mbali. Mama yako alisema kuwa Kijivu ni mdogo mno kwa dume yule. Nilimjibu kuwa mzazi mkubwa huleta wana wakubwa, na kwamba nimefundisha sayansi kwa miaka kumi na tisa. Nikampeleka mwenyewe, ndani ya kapu, nikaiandika tarehe katika kalenda.

Siku ya thelathini na moja ilipita, hakuzaa. Ya thelathini na mbili ikapita. Alikuwa amekwisha kujinyonyoa manyoya ya kifuani na kutandika kiota, kisha akakaa pembeni bila kula, akisaga meno. Mkeo aliacha kula pia.

Ijumaa asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai, nilisikia sauti ambayo sijapata kuisikia. Sungura hana sauti, Dominiko. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto hivyo. Basi huyu alipiga ukelele kama wa mtoto mchanga. Tulipoingia jikoni tulimkuta amelala ubavu, anasukuma, na damu inatoka. Mguu mmoja wa kitoto ulikuwa umetokeza, mwingine haukuonekana. Mkeo alipiga magoti na kumshika.

Tulingoja kiasi cha nusu saa. Ule mguu haukusogea. Mama yako akaniambia nikamwite Bibi Albina, mkunga, ambaye tangu tuhamishiwe kijijini nyumba yake imekuwa ya tatu kutoka kwetu. Niliona haya. Nilikwenda hata hivyo, nikitembea upesi kuliko inavyonipasa kwa umri wangu.

Bibi Albina alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, “Mwalimu, leo umeniita kwa sungura. Kesho utaniita kuku wako akitaga?” Lakini alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa chake na chupa ya mafuta ya karanga. Njiani alitaka kujua ni dume gani aliyempanda. Nilipomwambia ni yule wa shule, aliongeza mwendo.

Alinawa mikono kwa sabuni na maji ya moto, akapaka mafuta kidole kimoja, akaanza kutafuta ule mguu wa pili. Alifanya polepole mno. Kila Kijivu aliposukuma, naye alivuta kidogo. Kijivu akiacha, naye anaacha. Muda ukapita hivyo, jua likapanda. Macho ya Kijivu yakaanza kupoteza nuru, na pumzi zake zikawa fupi.

Hapo mkeo aliinua uso. Alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, “Baba, na mimi nikikwama hivi?”

Nimewajibu wakaguzi wa shule, nimewajibu makatibu wa Chama, lakini binti huyu sikumjibu. Niliona ni yeye aliyelala pale sakafuni.

Unaijua desturi ya huku kwetu. Mwanamke akishindwa kujifungua, mkunga huwataka watu wa nyumba wataje kila neno walilolificha, kwa kuwa huaminiwa kwamba neno la namna hiyo humfungia mtoto njia. Mimi sikuwahi kuikubali desturi hiyo, na sijapata kusikia ikifanywa kwa mnyama. Mkeo aliisikia kwa wanawake kisimani. Akamwomba Bibi Albina aifanye. Bibi Albina akasema, huku mikono ikiendelea na kazi, kwamba haina madhara, na aanze mama mwenye nyumba.

Mama yako akakiri kuwa amekuwa akiwaambia majirani kwamba mkwewe hajui kusonga ugali wa ulezi. Mkeo akasema anajua, maana majirani walikwisha kumwambia. Kisha yeye akakiri kuwa amemwandikia mama yake aje kumchukua, kwa kuwa anaona mumewe amemsahau. Tangu Julai hajapata neno lolote kutoka kwako.

Bibi Albina akasema, “Bado wewe, Mwalimu.”

Nilisema sina neno. Mama yako hakunitazama. Akasema tu, “Baba Dominiko, mnyama anakufa.”

Basi nikasema. Nikawaambia kuwa mwezi wa Agosti uliniandikia ukaomba mkeo apelekwe Sumbawanga mjini mwezi mmoja kabla ya siku zake, akae kwa Mzee Muhidin mwenye lori, karibu na hospitali, kwa sababu mwili wake ni mdogo nawe unaogopa. Nikasema kuwa ndani ya bahasha ile kulikuwa na karatasi yake yeye, iliyokunjwa, nami sikumpa. Barua ya pili nayo niliiweka pamoja na ile ya kwanza, katikati ya daftari zangu za zamani. Niliona umetudharau. Wewe mwenyewe ulizaliwa mikononi mwa Bibi Albina. Nilijiuliza nitamwambia nini nikimpitisha mkwe wangu mlangoni kwake, namkimbiza mjini.

Mkeo akauliza, “Karatasi yangu ilikuja lini, baba?”

“Tarehe ishirini na tatu, Agosti.”

Alihesabu kwa vidole, kimyakimya, akafika mwisho, akashusha mkono. Afadhali angenitukana.

Bibi Albina ndiye aliyenijibu, wala hakuinua kichwa. “Mwalimu, uliogopa nitakasirika? Mbona hukuniuliza? Ningekwambia mpeleke. Nyonga zake nimeziona tangu siku alipofika hapa.”

Muda mfupi baadaye aliupata mguu wa pili, akauweka sawa na ule wa kwanza, na Kijivu aliposukuma tena, kitoto kikatoka. Kilikuwa kimekufa, kikubwa kupita kiasi. Nyuma yake wakafuata wengine wanne kama vile mtu amefungua mlango. Mmoja alikuwa amekufa, watatu wakajinyonganyonga. Sikuambii kwamba maneno yangu ndiyo yaliyomtoa. Kilichomtoa ni mafuta na kidole cha yule mama. Nakuambia tu yalivyofuatana.

Mama yako aliwafunika wale watatu kwa manyoya ya kiotani, akawaweka karibu na jiko. Mkeo akakichukua kile kitoto kikubwa kilichokufa, akakiweka kiganjani, akakipima kwa macho na mwili wa Kijivu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Sitaki kukuficha kitu tena, kwa hiyo nakuambia: nilipomwona akipima hivyo, niliogopa kuliko nilivyoogopa asubuhi yote. Kisha nikaleta barua zako zote mbili na karatasi yake, nikampa kwa mikono miwili, akaenda kuzisomea chumbani.

Leo ni siku ya tatu. Kijivu amekunywa maji na kula majani machache ya viazi. Alfajiri alinyonyesha mara moja. Bado ana joto, na Bibi Albina anasema tusijipe uhakika mapema.

Mkeo hunisalimia shikamoo kila asubuhi kama kawaida, wala hasemi zaidi. Jana nilimwambia kwamba lori la Mzee Muhidin litapita Alhamisi, na kwamba Mama Zaitun, mke wake, amekwisha kuleta salamu kuwa chumba kipo. Nilimwambia pia kuwa akitaka kwenda kwa mama yake Tukuyu nitamsindikiza, na akitaka kubaki nitampasulia Bibi Albina kuni za kutosha. Mvua ikizidi, barabara itatukatalia yote. Alinisikiliza, akajibu kuwa safari hii ataamua mwenyewe, na kwamba nisimharakishe. Nimekubali. Katika miaka yangu sitini na minne sijapata kungoja uamuzi wa mtu wa miaka ishirini. Usiku nahesabu siku zilizobaki kufika Alhamisi, kisha nahesabu majuma aliyobakiwa nayo, na hesabu hazikai.

Mama yako anakusalimu sana. Bibi Albina anakusalimu, na anasema wewe ulitoka bila taabu yoyote ila kelele. Wasalimie Kornel na mkewe Hamisa, na uwashukuru kwa kukupa makazi. Mungu akulinde kazini, akupe pumzi na usingizi, na awalinde wawili hawa waliomo nyumbani mwangu, ambao niliwalinda vibaya.

Barua hii mkeo ameisoma kabla sijaifunga. Hakufuta neno. Akiamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, iwe ni kwenda au kubaki, nami nitayaandika maneno yake kama atakavyoyasema yeye.

Baba yako akupendaye, anayekuomba msamaha,

Eustaki