Yasin Atajibiwa Malaba

Alhamisi, 1 Mei 2025

Tumeanza! Busia mpaka Budalang'i leo, kesho Butula, kesho kutwa Malaba. Baiskeli tatu: yangu, ya Yasin, na ya kaka yangu Muzafaru — sharti la Mama. Binti hazururi na mchumba bila mlinzi. Mlinzi mwenyewe alianza kuhema Sigalame!

Yasin anataka jibu la posa. Nimemwambia: tukifika Malaba. Nampenda, sijidanganyi. Lakini huyu jamaa hajawahi kukosea. Chai ikimwagika, kosa la kikombe. Mteja akihama duka lake, kosa la mteja. Nizeeke na mtu asiyekosea? Mimi?

Ijumaa, 2 Mei

Tumepotea kabla ya Butula. Nilisema tuulize njia. Yasin: simu ina ramani. Tukaishia katikati ya miwa ya mtu. Kosa la nani? La network! Nimechoka, silumbani. Nalala.

Jumamosi, 3 Mei

Siku mbaya ajabu. Mvua tangu asubuhi. Pancha mbili, zote zangu. Trela la kwenda mpakani likaniogesha matope — mpaka mdomoni! Nililia kidogo, mvua ikanifichia.

Baada ya Amukura magurudumu yakakabwa na matope, yakakataa kuzunguka. Tukaomba hifadhi kwa Mzee Okwi na mkewe, Mama Ajiko. Wazee walikuwa wamezunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Sisi tukapewa chai, bila kuulizwa maswali.

Yasin akatoka kusafisha baiskeli. Nikamfuata na kikombe chake. Nakuta anachokonoa madigadi kwa kijiti kirefu alichokikuta ukutani. Kacha! Kikakatika. Kutazama — kina kichujio kwenye ncha. Mrija wa Mzee Okwi! Aliuegemeza pale akaenda kufunga ng'ombe.

Hakuna aliyeona ila mimi. Yasin akautazama mrija, akautazama ukuta. Akaufuta matope, akaurudisha, vipande vimeshikana vizuri kabisa. Roho iliniuma. Nikasema basi, jibu nimelipata.

Halafu akauchukua tena! Akaenda nao mbele ya wazee wote. "Mzee, nimekosea. Nimevunja mrija wako. Nilidhani ni fimbo."

Nimekosea! Nimesikia kwa masikio yangu!

Mzee Okwi akageuzageuza vile vipande. Akasema aliukata mwaka aliooa, na hata ndugu yake hajawahi kumwazima. Lo, Yasin alivyonywea! Hakutaja mvua. Hakutaja ukuta. Mzee akakohoa: "Kesho utaenda na mimi kichakani, unikatie ingine. Malaba itangoja."

Kwa hivyo Malaba bado. Niko jikoni kwa Mama Ajiko, naandika huku natetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Muzafaru amelala, mdomo wazi. Mlinzi huyo!

Mlango uko wazi, nasikia kila kitu. Mzee anamuuliza Yasin: huyu msichana ni dada yako ama bibi yako? Yasin anasema aulizwe mwenyewe, alisema mpaka Malaba.

Sasa wazee wote wamegeuka, mirija mdomoni. Yasin anatazama viatu vyake. Mama Ajiko ameacha kuchochea moto. Ananigusa bega, ananionyesha kule chini ya kilima. "Taa za Malaba si zile? Umefika, mama."

Kweli, zinaonekana.

Ngoja kwanza ninawe uso —